Kifuniko cha Nailoni

Watu wa vyuma kuukuu walipokuja kulichukua gari letu, kitu cha kwanza kilichonifikia hakikuwa kelele za minyororo yao bali harufu ya petroli. Gari lile lilikuwa limekaa mbele ya nyumba ya baba, Buruburu, kwa miaka mingi hivi kwamba paka wa mtaa mzima walikuwa wakizalia chini yake, na mimi nilidhani tangi limekauka zamani. Lakini kijana mmoja aliligusa ubavuni, mahali pa kutilia mafuta, na ile harufu ikatoka, iliyochacha na kali, ikanifuata hadi jikoni nilipokuwa nikiosha vikombe. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto na shinikizo la damu. Kwa muda mfupi nilikuwa tena msichana wa darasa la tatu, nimekaa kiti cha nyuma cha gari lililozimika, nikitazama kisogo cha mama yangu.

Nilipotoka nje nilimkuta yule kijana ameshika kifuniko cha tangi, ambacho hakikuwa kifuniko hasa. Kilikuwa kipande cha nailoni kilichokunjwa mara nyingi na kufungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Alitaka kuking'oa aone kama ndani kumebaki chochote. Baba, aliyekuwa ameketi kizingitini na bakora yake katikati ya magoti, akamwambia akiache, atakifungua mwenyewe. Ilimchukua muda, maana vidole vyake siku hizi havimsikii, na mpira ule ulikuwa umekauka na kupasukapasuka. Vijana walisubiri kwa adabu. Mimi nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi.

Wenzangu wa rika langu, mliokulia pande hizi za Eastlands ya Nairobi, mtakumbuka kwamba siku zile gari halikuwa la mwenye gari. Nyumba zetu zilizunguka uwanja mmoja mdogo, na aliyekuwa na gari uwanjani alikuwa ameajiriwa na wote. Mwanamke akishikwa na uchungu, mlango uliogongwa ulikuwa wetu. Mtoto wa Mama Halima, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alipomeza sarafu, ni baba aliyempeleka hospitali huku Mama Halima akisoma dua kiti cha nyuma bila kupumzika. Baba hakuwahi kukataa. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali, mtu wa kalamu mbili mfukoni na maneno machache, na nafikiri gari lile ndilo jambo pekee la kujivunia alilowahi kujiruhusu.

Lilikuwa steshenwagoni ya Kijapani, rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, na alilinunua likiwa tayari limezeekea mikononi mwa wengine. Kila Jumapili kabla ya kanisa alilipangusa kwa kitambaa cha flaneli, polepole, huku mama amesimama mlangoni mikono kiunoni akimtazama. Mama aliliita mke mwenzake. Asubuhi alimuuliza baba kama mke mwenza ameamka salama, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alijibu kwamba ameamka salama ila ana kiu. Mchezo huo haukuwachosha hata kidogo, nasi watoto, mimi Nekesa na mdogo wangu Wafula, tulikua tukidhani kila nyumba yenye gari husema hivyo.

Mama alikuwa na kibanda kando ya lango letu. Aliuza mafuta ya kupikia kwa kipimo, yale yaliyokuja kwenye madebe ya bati, na alikuwa na namna yake ya kulifungua debe ambayo hakumwachia mtu mwingine. Alichukua msumari mrefu na jiwe, akatoboa tundu pembeni mwa debe, kisha akalizungusha na kutoboa la pili upande wa pili kabisa. Nilipokuwa mdogo zaidi niliwahi kumuuliza la pili ni la nini, kwa sababu mafuta hayakutokea pale. Aliziba lile la pili kwa kidole chake huku akimimina. Mafuta yakatoka kwa kigugumizi, yakasita, yakakatika kabisa ingawa debe lilikuwa limejaa. Akaondoa kidole, yakatiririka. "Umeona?" akasema. "Hewa isipoingia, hakuna kinachotoka." Niliona, nikasahau, kama mtoto anavyosahau kitu ambacho hakimhusu.

Mwaka ule wezi wa petroli walikuwa wamechachamaa. Waliingiza mpira wa maji kwenye tangi, wakanyonya mafuta, na wakaondoka na kifuniko ili wakauze. Asubuhi moja tukakuta tangi letu li wazi kama mdomo wa kibogoyo. Baba hakulalamika. Alifanya kile walichofanya wenye magari wengi mtaani: alichukua nailoni, akaikunja, akaifunga kwa mpira wa tyubu. Ila wenzake walifunga kwa haraka, nusu nusu, nailoni ikapepea pembeni wakiwa barabarani. Baba alifunga kama alivyofanya kila kitu. Aliuzungusha mpira ule, akauvuta, akauzungusha tena, hadi ukimwona ungedhani anafunga kifurushi cha kuvuka bahari. Alisimama nyuma kidogo akakitazama, akaridhika.

Haukupita muda gari likaanza kuugua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Asubuhi liliwaka vizuri, likaunguruma, likatoka getini kwa nguvu zake zote. Tukiingia Jogoo Road lilikwenda vyema kwa muda, kisha ungelisikia limepungukiwa, baba akikanyaga mafuta nalo halitaki, likakohoa, likatikisika, likazima katikati ya barabara huku matatu zikitupigia honi na makondakta wakitutukania mama. Baba alifungua boneti, akagusa hiki na kile, akasubiri. Baada ya kusubiri liliwaka tena kama halikuwa na neno. Kisha likazima tena mbele.

Baba alilipeleka kwa Fundi Oti, aliyekuwa na kiwanja chake cha jua kali nyuma ya Soko la Burma, mahali ambapo moshi wa nyama choma ulichanganyika na wa magari mpaka usijue njaa yako ni ya nini. Fundi Oti alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kofia ya sufu hata jua likichoma, na hakuwahi kusema hajui. "Mzee, hii ni plagi," alisema wiki ya kwanza. "Plagi zimechoka, cheki vile zimekuwa nyeusi." Akazibadilisha, akamwomba baba aongeze petroli kidogo, gari likaenda vizuri tukarudi nyumbani tukiimba. Siku iliyofuata likazima palepale. Basi zikawa pointi, akazisugua kwa kipande cha msasa. Kisha kondensa. Kisha filta ya mafuta. Halafu akadai petroli inachemka kabla ya kufika kwenye injini, akafunga kitambaa chenye maji juu ya pampu, na mimi nikawa na kazi ya kubeba chupa ya maji ya kukilowesha kitambaa hicho njiani.

Siku aliyoifungua kabureta nilikuwepo. Aliipanga vipande vipande juu ya gazeti, akachukua vijiti vidogo vya shaba vyenye tundu jembamba katikati, akaviweka mdomoni kimoja kimoja na kuvipuliza, akatema petroli chini, akavinyanyua juani achungulie. Alisema uchafu ukiziba hapo gari hukosa nguvu. Baba alichuchumaa kando yake na suruali yake ya kazini, akipokea vipande na kuvirudisha kama vyombo vya kanisa. Kila walipomaliza jambo walitia petroli, gari likawaka na kwenda, Fundi Oti akapokea sifa zake. Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza kwa nini kila dawa ilifanya kazi siku moja tu.

Wakati huohuo mama alikuwa akipungukiwa. Nalisema hivyo kwa sababu sijui nilisemeje. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, jambo nililokuja kuelezwa nikiwa mkubwa. Wakati ule nilijua tu kwamba miguu yake ilivimba jioni hadi viatu vikamkataa, kwamba alilala ameketi, mito mgongoni, na kwamba alikuwa akisimama katikati ya sentensi kuvuta pumzi kisha akaendelea pale alipoachia kama kwamba hakuna kilichotokea. Hospitali walimpa vidonge na kumrudisha. Mara ya mwisho walimrudisha bila vidonge vipya, na baba alikaa garini kwa muda mrefu kabla ya kuliwasha. Mimi nilikuwa nyuma na chupa yangu ya maji, nikifikiri anasikiliza injini.

Ndipo akaja baba mkubwa, kaka yake baba, kutoka nyumbani Bungoma. Alikunywa chai akaimaliza, akauliza masomo yetu, kisha akamwambia baba, kwa sauti ya chini lakini si ya siri, "Mlete angali anaweza kuketi."

Nyinyi mnajua alichosema. Sisi watu wa magharibi tunajua. Mgonjwa akifika mahali fulani hupelekwa nyumbani, kwenye ardhi ya mume wake, angali anasafiri kwenye kiti, asije akasafiri juu ya gari ndani ya sanduku. Mimi sikujua. Nilichojua mimi ni kwamba nyumbani kulikuwa na maziwa na kukhu, mama yake baba, aliyetulisha mpaka tukalala mezani. Mama alikuwa amekwenda huko baada ya kumzaa Wafula, akiwa amekonda, akarudi mashavu yamemjaa. Basi nilielewa kwamba mama anapelekwa nyumbani akapone, na kwamba aketi ili astarehe. Kitu kilichosimama kati ya mama na kupona kilikuwa gari. Nililichukia gari lile kwa chuki ambayo sijawahi kumchukia mtu. Shule ya Jumapili, mwalimu alipouliza ni nani ana ombi, niliinua mkono nikaomba tuombee kabureta. Wenzangu walicheka, mwalimu hakucheka, akaomba.

Tulijaribu kwenda. Baba aliomba ruhusa kazini, mama akavikwa sweta mbili, akaketishwa mbele na mto, tukatoka asubuhi Mama Halima akitupungia lesso yake. Gari lilipita mjini vizuri. Kilima cha Limuru kilipoanza, likaanza hadithi yake. Lilipungua, likakohoa, likazima. Tukasubiri, likawaka, likazima tena mbele kidogo, ukungu umetuzunguka, malori yakitupita kwa mlio wa kutisha. Baba alifungua boneti, akavipuliza vijiti vya kabureta kama alivyomwona Fundi Oti, midomo yake ikawa myekundu kwa petroli. Mwisho aliamua huenda mafuta yamepungua. Alichukua dumu nyuma, akaenda ubavuni, akaanza kuufungua ule mpira aliokuwa ameufunga kwa ustadi wake.

Nailoni ilipoachia, tangi lilivuta pumzi. Nakumbuka sauti hiyo vizuri kuliko sauti za watu wengi niliowazika. Fyuuu, ndefu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua na mdomo akaachiliwa. Baba hakuijali, alikuwa akihangaika na dumu. Lakini nilimwona mama akigeuza kichwa. Alikaa hivyo, ameinamisha sikio kidogo, kama anavyofanya mtu anayesikia jina lake likiitwa nyumba ya pili. Kisha akarudisha kichwa kwenye mto, akafumba macho, na uso wake ukalegea wote. Nilidhani usingizi umemchukua.

Baba alisema hatuwezi kuipanda njia yote ile na gari la namna hii, akaligeuza, tukarudi Buruburu. Nililia njia nzima. Mama hakulia. Jioni ile alisimama jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, akapika ugali na mboga za murere, akipumzika kila baada ya kuuzungusha mwiko kidogo, na alituambia tule tushibe. Baba alimwomba radhi kwa ajili ya gari. Mama akamwambia mke mwenzake ana wivu, hataki yeye aende akapumzike peke yake. Baba alicheka, kisha akatoka nje ghafla.

Zile wiki zilizofuata ndizo ninazozirudia nikishindwa kulala. Baba na Fundi Oti waliendelea kulichimba gari lile, na kila Jumamosi kulikuwa na ugonjwa mpya. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni na mimi miguuni pake. Alinifundisha kusuka nywele zangu mwenyewe, mikono nyuma ya kichwa, akiifumua mistari iliyopinda na kuniambia nirudie. Alinifundisha kusonga ugali usiwe na madonge. Alinionyesha wapi sare za Wafula zinakaa na jinsi ya kuiloweka kola kabla ya kuisugua. Alinifundisha kutoboa debe. Nilipopiga msumari ukateleza na kunikata kidole, hakunihurumia, alinifunga kitambaa akasema nianze upya, tundu moja hapa, jingine kule. Nilinung'unika. Nilimwambia kwamba akirudi kutoka nyumbani akiwa mzima atafanya mwenyewe. Akasema ni kweli, lakini nijue tu.

Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilimwona ananifundisha nikadhani ni dalili ya kupona, kwa sababu mgonjwa, kwa akili yangu, ni mtu asiyefanya kazi.

Kisha ikafika asubuhi ambayo hakuweza kwenda msalani peke yake. Baba alimbeba, yeye karani mwembamba, na nilimsikia mama ndani akimwambia maneno ya mzaha kwa Kibukusu. Baba alipotoka kwenda kwa Fundi Oti kuchukua kabureta nyingine iliyokwisha tumika, ambayo ilisemekana ndiyo suluhisho la mwisho, mama aliniita. Alinitaka nilete msumari wa kibandani.

Tulikwenda hadi kwenye gari, mkono wake begani mwangu, uzito wake wote ukiwa pale, tukisimama kila hatua chache. Hata njia hiyo fupi ya mlangoni hadi uwanjani ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Aliegemea ubavu wa gari mpaka pumzi ikamrudia. Hakuhitaji jiwe. Aliusukuma msumari kwa ncha ya kidole gumba ndani ya ile nailoni iliyokazwa kama ngozi ya ngoma, akauchomoa, akausogeza upande wa pili, akausukuma tena. Tangi likavuta pumzi, safari hii kwa sauti nyembamba kama mluzi. Akalipigapiga gari kwa kiganja, kama mtu anavyompigapiga mtoto aliyecheua.

Hapo nikaelewa. Debe, kidole, mafuta yanayokatika ingawa yapo. Nilielewa kwamba baba alikuwa amelifunga tangi vizuri mno, na kwamba wale waliofunga ovyo ovyo hawakuwa na shida hii. Nilielewa pia kwamba mama alijua tangu Limuru. Nilimuuliza, karibu kwa hasira, kwa nini hakutoboa siku zote hizo.

"Nilikuwa na kazi," akasema.

Nilipofungua mdomo niulize kazi gani, alinishika kidevu. "Usimwambie baba yako. Ameteseka na gari hili. Mwache alitengeneze yeye."

Nilikubali kwa furaha. Niliona ni zawadi ya kumfanyia baba, na niliona mama yangu ni mwerevu kuliko mafundi wote wa Burma, na niliona kwamba sasa tutakwenda nyumbani apone. Nilimrudisha ndani nikiruka kwa mguu mmoja, kadiri mtu aliyeegemewa anavyoweza kuruka.

Baba alifunga ile kabureta mchana, tukaondoka kesho yake kulipopambazuka. Gari lilipanda Limuru kama halijawahi kuugua. Lilivuka bonde likinguruma, na baba, masikini, alipiga usukani kwa kiganja akasema Fundi Oti ni mtu wa kweli. Mimi nilimkanyaga Wafula mguu ili nisicheke. Mama alikuwa anatazama nje, mito pande zote, akitutajia kila mji kabla hatujaufikia.

Nakuru tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Baba aliniambia nimpeleke Wafula chooni. Tuliporudi nilimwona amesimama ubavuni mwa gari na ile nailoni mkononi, mhudumu akimsubiri na bomba, naye hatii mafuta wala hafanyi kitu. Nilidhani amechoka kuendesha. Baadaye alitia mafuta, akaifunga nailoni ileile, akaenda kwenye dirisha la mama akainama. Walizungumza kidogo. Nilikuwa mbali, nilisikia tu mama akicheka kile kicheko chake kifupi kilichobaki, kisha baba akaingia, akaweka mikono juu ya usukani.

Kuanzia pale aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Gari lilikuwa na nguvu, niliisikia injini ikiomba kwenda, lakini malori yalitupita hata kwenye mteremko. Nilikasirika kimoyomoyo. Tungefika mchana, tukafika jua linakaribia kuzama.

Boma la kukhu lilikuwa limefagiliwa mpaka njiani. Wanawake walikuwa wengi, na kando ya jiko kuni zilikuwa zimepasuliwa na kupangwa hadi usawa wa dirisha. Sikuwahi kuona kuni nyingi namna ile. Nilimwambia Wafula kutakuwa na sherehe ya kumkaribisha mama. Mama naye aliziona. Alipokuwa akiteremshwa alizitazama, akamwambia kukhu, "Mmejitahidi, mama," na kukhu akafunika uso kwa kitambaa chake.

Aliketi nasi pale kwa siku chache, kwenye kiti cha kamba nje ya jiko, akinywa maziwa vijiko viwili vitatu ili kukhu asihuzunike. Nami niliyatazama mashavu yake, nikingoja yajae. Asubuhi moja tulitumwa kuchota maji, mimi na Wafula na binamu zetu, na njiani tulicheza tukachelewa. Tulipokaribia boma niliuona moshi kabla sijasikia sauti za wanawake. Ulikuwa mwingi, wa kuni nyingi kwa pamoja. Niliweka mtungi chini. Hakuna aliyenieleza chochote siku ile wala hakukuwa na haja, nilikuwa nimejua kuni zile zilikuwa za nini.

Tulirudi Nairobi kwa gari hilohilo, bila mto kiti cha mbele. Halikuzima tena. Baba aliliendesha miaka mingine hadi likachakaa kabisa, na hakununua kifuniko, alikuwa akiirudisha nailoni ileile. Nilidhani ni ubahili wa mjane. Mimi sikusema neno. Niliitunza siri ya mama mpaka nikaolewa nayo, nikidhani namlinda baba, kwamba mtu huyu aliyeshindwa na kila kitu mwaka ule aachiwe angalau jambo moja alilolitengeneza.

Sasa alikuwa ameufungua mpira. Vijana wa vyuma walifunga mnyororo kwenye bampa. Nilikwenda nikaketi kando yake kizingitini, nikamwambia kuna jambo mama aliniomba nisimwambie.

"Najua," akasema baba.

Aliinyoosha nailoni juu ya goti, kisha akaiinua juani. Ilikuwa imegeuka manjano, na mwanga ulipita mahali pawili, tundu moja upande huu, jingine upande ule. Alisema mtu mwingine yeyote angetoboa moja, likatosha. Aliyaona Nakuru alipotaka kutia mafuta, akaujua mkono wa mama. Akasimama pale akiyafikiria yote, plagi na pointi na kondensa, na siku ya Limuru, na zile wiki alizomwona amekaa mlangoni na mimi. Akajua ni kwa nini alinyamaza, na akajua ni kwa nini sasa ametoboa.

Nikamuuliza alimwambia nini pale dirishani.

Baba aliikunja nailoni mara moja, mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati penye kalamu zake. Mnyororo ulikazika, magurudumu ya gari yakatoa mlio yakianza kubanduka ardhini.

"Nilimwambia nina nailoni nyingine kwenye buti. Nikamwambia niifunge hiyo, turudi Buruburu, tuseme limetukatalia."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Akasema, 'Funga, Baba Nekesa. Nitatoboa tena.'" Alilitazama gari likivutwa mpaka likapinda kona. "Basi nikaendesha."